Majongoo Wawili wa Pweza

"Nimekuachia wawili, Mama Kaa. Sasa unagomba nini?" Pweza aliuliza huku akitafuna.

"Mmoja umemwacha hapa kwangu, mwenzake yuko ng'ambo ya mwamba. Hao watazaana kwa barua?"

Pweza alicheka, akaenda zake. Mikono yake minane ilikuwa imemzoesha kuona kila kitu kiko karibu.

Kaa hakucheka. Majongoo bahari ndio waliokuwa wakila uchafu na kuuacha mchanga safi, na jirani yake alikuwa amewamaliza, wakubwa kwa wadogo. Haukupita muda mchanga ukaanza kunuka, na wanawe wakaanza kuugua shimoni. Alijaribu kumsukuma yule jongoo aliyebaki, ampeleke kwa mwenzake, lakini alikuwa mzito, hakusogea hata kidogo. Basi Kaa akaamua kuhama, ingawa shimo lile alilichimba mwenyewe.

Alikuwa akiwapanga watoto waondoke aliposikia hodi. Pweza alikuwa mlangoni, amekonda, amepauka. Tope lilikuwa limejaa pangoni mwake na chaza aliowategemea walikuwa wamekufa.

Kaa akaziba njia kwa magando yake. "Umemfuata huyu wa mwisho?"

Pweza alikunjua mikono yake taratibu. Ndani yake alilala jongoo wa ng'ambo, mzima, hana hata alama ya jino.

"Nimemleta mwenzake," alisema. "Nioneshe pa kumlaza, jirani. Sitakula hata mmoja mpaka nione wajukuu wao."