Divai ya Mchangani

Mama yake Valère alikuwa amepofuka, lakini bado ndiye aliyeonja divai ya familia kabla ya mtu yeyote.

"Hii njo ya mchangani, Mama. Ya kule chini, karibu na ziwa."

Alikunywa kidogo, akaiacha ikae mdomoni. Zabibu za mchangani, zinazokua kando ya kaburi la baba yake Valère na kupigwa na upepo wa Tanganyika, hutoa divai nyepesi. Za kilimani, kwenye udongo mwekundu, huacha ukakasi kwenye ulimi.

Mama akameza. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, polepole, mpaka kikarudi kilipoanzia.

"Hii njo ya kilimani," alisema. "Maji ya ziwa yamepanda mpaka wapi kule mchangani?"

Valère alichukua kikombe, akakiweka mezani.

"Na kaburi la papa yako?"