Gari Lisilobisha Hodi

Seleman alikuwa ameshaapa kwamba tairi zile hazina kelele hata chembe, ndipo akamwona mteja anageuka kurudi garini.

"Dada, mbona unaondoka? Nimekwambia hizi zinateleza tu, hutasikia kitu."

"Ndiyo maana naondoka," alisema Jenista. "Mimi nataka za kelele."

Tangu aanze kuuza tairi za mtumba pale Chapwa, Tunduma, Seleman hakuwahi kuombwa kelele. Watu waliomba uimara, wengine waliomba kukopeshwa, na wote aliwapoza kwa uongo ule ule mtamu. Leo uongo umemgeuka, na ukweli hakukumbuka ameuweka wapi.

Tairi zenyewe zilikuwa za theluji. Zilitoka Japani zikiwa miguuni mwa gari lililokuwa linakwenda Kongo, na mwenye gari akazivua hapo mpakani kwa sababu kule aendako hakuna theluji. Hata Tunduma haipo. Basi zikabaki dukani, na kuku wa Mwajuma, mama ntilie wa jirani, wakawa wanatagia humo.

"Ukweli ni huu," alisema Seleman, na neno lenyewe lilimkwama kidogo. "Hizi zina meno marefu. Kwenye tope zitang'ang'ania, lakini kwenye lami zinanguruma kama mashine ya kusaga. Na gari lako la umeme ni zito kwa ajili ya betri, kwa hiyo zitalika upesi. Hata chaji itawahi kuisha."

"Zinanguruma kiasi gani?"

Gari lilikuwa dogo, jeupe. Lwitiko, mume wa Jenista, aliwanunulia wazazi wake, ambao wana nyumba yao kwenye uwanja ule ule anaoishi yeye na mkewe, nje kidogo ya Mlowo. Mvua zimeanza na njia ya kwenda nyumbani imekuwa sabuni. Mama mkwe alikuwa na kikao cha akina mama kanisani, hivyo akamtuma mkamwana wake Tunduma kutafuta tairi za tope. Habari ya kelele hakutumwa.

Seleman akauliza sababu. Jenista akatazama kama kuna mtu karibu.

"Sisi Wandali, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hata kivuli chake sitakiwi kukikanyaga. Gari la zamani lilikuwa la dizeli, ukilisikia toka mbali unapata nafasi ya kujisitiri. Hili halibishi hodi, kaka. Juzi tumeshtuka limeshaingia uwanjani. Kidogo tu tukutwe."

"Na mkikutwa?"

"Mke wa shemeji yangu alikutwa anampa mzee maji mkono kwa mkono. Mama mkwe akamrudisha kwao Ileje, na yuko huko mpaka leo. Kwenye mila yule mama hana utani." Hofu ile haikuwa ya kuigiza. "Mimi nampenda mume wangu. Sitaki kurudishwa."

Seleman alikuwa mtu wa Kondoa, na mila hiyo ndiyo kwanza anaisikia, lakini moyo wake ulilainika. Alimwona kabisa yule mzee akinyata na gari lake la umeme, na binti wa watu akikimbilia jikoni na ndoo kichwani. Aliona uchungu kana kwamba ni dada yake.

Akawafukuza kuku, akahakikisha matundu ya nati yanalingana, akafunga zote nne pamoja na rimu zake. Kisha akaingia kulijaribu gari. Magoti yakagota usukani, maana kiti kilikuwa kimevutwa mbele mno na juu yake kuna mto wa kitenge.

"Mzee wenu mfupi," alisema. "Na wewe mrefu hivyo umejikunja mpaka huku?"

Jenista akajitia kurekebisha khanga yake.

Majaribio hayo hakuyatazama. Aliingia kwa Mwajuma, akafunga mlango na dirisha, akaomba sauti ya runinga iongezwe.

"Unataka kusikia gari, halafu niongeze runinga?" aliuliza Mwajuma.

"Ongeza tu, mama. Nyumbani huwa iko juu."

Runinga ikapiga kelele. Jenista akafumba macho akasubiri, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kisha, gari likiwa bado mbali kule bondeni, ngurumo ikapenya ukuta na kuimeza taarifa ya habari yote. Mwajuma akadhani ni lori limekatika breki. Jenista akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

"Zinatosha," alisema.

Seleman hakumdai kitu kwa zile rimu. Mwajuma alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

"Sikiliza, dada," Seleman alimwambia Jenista akimfungulia mlango wa gari. "Mzee akilalamika kwamba zinapiga kelele, wewe mwambie ndizo zilizopatikana."

"Mzee hatalalamika," alisema Jenista.

Wiki iliyofuata, alasiri moja mvua ikiwa imekatika, ngurumo ile ilisikika Mlowo toka barabara kuu. Jenista aliyekuwa sebuleni kwake akaruka kutoka kwenye kochi, akaanza kukusanya vikombe vya chai na maganda ya karanga.

Mzee Anyelwisye, baba mkwe wake, akainuka taratibu kutoka kwenye kochi lile lile, macho bado kwenye tamthilia.

"Mke wangu huyo anarudi," alisema, akivaa ndala zake. "Kesho utanisimulia kama yule binti amekubali kuolewa."