Shukrani za Aliyeshindwa

Asubuhi baada ya uchaguzi, wakili Tak Un-gyu alisimama njia panda, utepe wenye jina lake bado uko kifuani, akawa anayainamia magari. Katika mji ule, mgombea aliyeshindwa huwashukuru wapiga kura barabarani. Wengi huinama nusu saa, kisha huenda zao. Mtu mwingine akishindwa mara tatu, kama yeye, hujifungia ndani. Tak alikuwa pale tangu alfajiri, na jua lilishapanda.

"Jaji!" aliita Mama Pyo, muuza samaki, maana Tak aliwahi kuwa jaji. "Kura zimeshahesabiwa. Na mimi sikukupa yangu!"

"Najua, mama. Lakini ulinisikiliza mpaka mwisho."

"Nilikuwa napara samaki. Ningekwenda wapi?"

Tak alicheka, akamwinamia na yeye.

Mkewe alivuka barabara ameshika simu. "Ni ile ofisi ya mawakili ya jiji kuu. Wanataka jibu leo. Unarudi kwenye sheria, au bado unataka siasa?"

"Waambie wasubiri. Magari hayajaisha."

"Hayataisha, baba Da-un."

Lori la kabichi lilipunguza mwendo, likasimama katikati ya njia. Dereva akashuka, akavua kofia, akainama. Tak naye akainama, chini zaidi. Wakabaki hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza, na nyuma ya lori foleni ikazidi kurefuka, wala hakuna aliyepiga honi.