Kuchelewa Siku Kumi na Moja

Siku ya kumi na moja, binti aliacha kukimbilia chooni kila saa kujikagua. Kama damu ni ya kuja, ingekuja hata asipochungulia.

Alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha, na wiki ile walikuwa na oda ya vijitabu vya kliniki, kurasa nane kuhusu wiki za mwanzo za ujauzito. Alikunja mia sita kwa mikono yake. Kufikia vya mwisho alikuwa ameyashika maneno yote kichwani. Yai hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Wiki ya sita mtoto ni kama punje ya dengu, na moyo umeshaanza kupiga. Matiti huuma. Kichefuchefu huweza kuja, au kisije.

Chake kilikuwa hakijaja. Lakini matiti yalimuuma, hilo alikuwa na hakika nalo. Alikuwa ameyabonyeza mpaka yakauma.

Miaka mitano ya ndoa. Mama mkwe alikuwa ameacha kumsema, akaanza kumnyamazia, na kimya kile kilimuumiza kuliko maneno. Jumapili iliyopita mumewe alikuwa akifunga kamba za viatu, akasema bila kuinua uso:

"Nyumbani wananiambia nifikirie mke mwingine. Nimewaomba wasubiri mwezi huu uishe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sina la kusema."

Aliyemwambia kuhusu zile siku kumi na moja ni mama yake tu. Mama alipiga pasi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, na binti ndiye mtoto wake wa pekee. Jioni hiyo alimfuata kazini, akamkuta amejikalia juu ya robota la mashuka, pasi imezimwa, midomo imemkauka.

"Harufu ya sabuni inanitoa roho," mama alisema. "Miaka ishirini naivuta, leo ndiyo inanikataa."

"Umekula?"

"Chakula hakipiti. Nikisimama kidogo naona giza." Akashusha sauti. "Dada yangu alianza hivihivi."

Binti alimkumbuka vizuri mama yake mkubwa. Ulikuwa uvimbe wa tumboni. Tangu siku alipoacha kula mpaka siku ya kumzika haikufika miezi minne. Akamtazama mama yake upya: shingo imebaki mishipa, mashavu yamebonyea, na mkono mmoja unalikandakanda tumbo, ambalo siku hizi alisema limejaa tu kama amemeza upepo.

"Kesho twende wote," binti alisema. "Mimi nipime changu, wewe chako."

"Changu kitangoja. Twende tukapime hicho chako. Nataka nimshike huyo mtoto, basi. Baada ya hapo lolote lije."

"Mama!"

"Nasema kweli. Nina miaka arobaini na sita, hata siku zangu zimeshakatika. Mwili umeanza kufunga duka, mwanangu." Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Kesho yake waliketi kwenye benchi la kliniki wakisubiri namba zao. Mama aliitwa kwanza, chumba cha picha ya tumbo. Kabla hajaingia aliubana mkono wa binti yake kwa nguvu ambazo hakuonekana kuwa nazo.

Binti akaitwa kwenye dirisha la maabara.

"Hakuna kitu, dada," mhudumu alisema.

"Naomba uangalie tena."

"Nimepima mara mbili. Hakuna mimba. Wasiwasi nao huchelewesha siku. Usijali, zitakuja tu."

Alisema hivyo kumliwaza.

Binti alirudi kwenye benchi na ile karatasi. Hakulia. Alimfikiria mumewe, ambaye sasa angekuwa na la kusema. Halafu akamfikiria mama, kule ndani, amelala kwenye kitanda chembamba na jambo moja tu la kuishi kwa ajili yake. Miezi minne. Nani angejua, katika miezi minne? Angejifunga kanga vizuri, angeshika kiuno, angekataa chai. Mama angekwenda na furaha yake.

Alikuwa hajamaliza kuwaza mlango ulipofunguliwa.

"Nani amekuja na huyu mama?" nesi aliuliza. "Daktari anamwita."

Ndani mlikuwa na giza kidogo. Mama alilala chali, tumbo wazi, uso ameugeuzia ukutani. Mabega yalikuwa yakitikisika. Daktari, kijana mwenye miwani, hakuwa akitabasamu.

"Wewe ni binti yake?"

"Ndiyo."

"Una ndugu wengine?"

"Sina. Niko peke yangu."

Daktari akashusha pumzi. "Nimemweleza, hataki kuamini. Tangu nimwambie analia tu. Nikaona ni heri niongee na wewe."

"Mwanangu," mama alisema, bado amegeukia ukuta. "Nisamehe."

Binti akapiga hatua mbili, akaushika ule mkono uliokuwa ukining'inia pembeni ya kitanda, akainama mpaka sikioni kwa mama. Kama kulikuwa na wakati wa kusema, ndio huu.

"Mama, usilie. Nimepimwa. Ipo! Nina mimba, mama, utamshika mtoto wangu."

Mama akageuka ghafla. Alimtazama machoni, akamvuta kifuani, akalia kwa sauti, na safari hii alikuwa akicheka pia.

Uso wa daktari ukafunguka. Akaigeuza skrini upande wao, mahali ambapo kitone kidogo kilikuwa kikipepesa, kikipepesa.

"Basi watakua pamoja," alisema. "Huyu wa mama ana wiki saba."