Neno la Mzee Zedekiah

Phelister alilisoma lile neno mara tatu, kisha akatema mate dirishani. Nescient. Mzee Zedekiah, katibu wa shule, alikuwa ameliandika kando ya jina la Phelister kwenye ripoti ya nyama.

Nyama yenyewe ilikuwa uozo mtupu. Watoto thelathini wa shule ile ndogo ya mtaa wa Baba Dogo walitapika Jumatatu mpaka maji ya njano, na sufuria ilipofunuliwa, mwalimu mmoja alitoka mbio ameziba mdomo. Mpishi alikuwa Phelister. Aliapa kwamba nyama ililetwa imeshakatwa na kutiwa viungo, na tangu ile korona pua yake haisikii harufu yoyote. Sasa kamati ya shule ilimtaka mtu mmoja tu: aliyejua nyama imeoza na bado akaipakua. Huyo angechukuliwa na polisi siku hiyohiyo.

"Jacky, hebu nitafutie hili neno kwa simu," alimwambia binti yake.

Jacklyne akabofya, akakunja uso. "Mathe, utakasirika."

"Sema tu."

"Ati ni mjinga."

Mjinga! Yaani Zedekiah, mzee wa kufunga tai hata akienda kununua sukuma wiki, anayewasahihisha watu Kiingereza mpaka kanisani, aliketi na kalamu yake akachagua tusi ambalo mpishi hawezi kulisoma. Kinyaa kilimpanda Phelister kuliko hata siku ya ile sufuria. Miaka kumi na mmoja anawapikia watoto wa watu, cheti cha upishi kiko ukutani, leo anatukanwa kwa Kiingereza cha kujificha. Ashindwe kabisa!

Kamati ilikutana saa nne darasani, watu wazima wamebanana kwenye viti vya watoto. Askari aliegemea mlango.

"Mama Jacklyne," mwenyekiti akauliza, "yaliyoandikwa juu yako unayakubali?"

"Nikubali nini? Huo uchafu?"

Zedekiah alimtolea macho, akatikisa kichwa polepole.

"Usinitikisie kichwa, mzee! Umeniona mimi mjinga? Hakuna kitu kinaingia jikoni kwangu nisikijue!"

"Mama, keti kwanza," Zedekiah alisema. "Nakuomba."

"Siketi! Futa hilo neno lako, linatia kichefuchefu. Andika hivi: Phelister Adongo alijua. Nyama, chumvi, maji, kila kitu alijua!"

Mwenyekiti akamtazama askari, na askari akaja mbele, akamshika Phelister mkono.

Zedekiah alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Siku mbili, Mama Jacklyne," alisema. "Siku mbili nzima nilitafuta neno la kuwaambia hawa kwamba hukujua."