Sala ya Chakula

Mji mzima ulikuwa kanisani asubuhi ile ya Krismasi, isipokuwa Nikodemo, ambaye hakusadiki kuwa Mungu yupo, na dada yake Eufrasia, aliyekuwa anakata roho kitandani. Padri alikuwa ameitwa tangu alfajiri, lakini kazi za sikukuu zilikuwa zimemzidi.

"Kaka, niombee," Eufrasia alisema.

"Unajua mimi siamini, dada."

"Sijakuuliza unaamini nini. Padri haji. Omba."

Nikodemo akamshika mkono, uliokuwa umebaki mifupa mitupu. Alitafuta kichwani mwake akakuta sala moja tu, ile ambayo mama yao aliwafundisha utotoni. Akafumba macho kwa aibu.

"Ee Bwana, ubariki chakula hiki..."

Kicheko kilimtoka Eufrasia, kikageuka kikohozi. "Labda chakula cha funza," alinong'ona. "Endelea, usiache."

Akaendelea. "Uwabariki waliokiandaa, uwape na wasio nacho." Alipofika mwisho alingoja dada yake aitikie. Hakuitikia. Vidole vyake vilikuwa vimelegea. Nikodemo hakuthubutu kufumbua macho. Akaianza sala upya, kwa sauti kubwa zaidi, kama anayemwita mtu aliyekwisha kufika mbali.

Hivyo ndivyo jirani yao, Mama Tulizo, alivyomkuta alipotoka kanisani na kuwaletea pilau ya sikukuu. Miaka yote alikuwa amemsikia bwana huyu akiwacheka wanaosali. Alisimama mlangoni, sahani ikifuka mvuke mikononi mwake, akainamisha kichwa.

"Amina," akaitikia kwa furaha.