Kitasa cha Ndani

Mjomba alifumba macho akatembea ndani ya mistari ya chaki iliyochora umbo la chumba sakafuni. Hatua tatu na nusu, akageuka. Hatua tatu na nusu, akageuka. Kisigino chake hakikugusa mstari hata mara moja.

"Kikubwa hiki," alisema. "Mnajidekeza."

Mpwa wake alicheka. Yeye ndiye msanifu wa makazi ya kwanza kwenye sayari ya Mirihi: vyumba mia mbili chini ya udongo mwekundu, na kimojawapo ni chake na binti yake wa miaka sita. Safari ni ya kwenda tu. Kesho asubuhi ramani inapigwa muhuri.

Kamati ilitaka maoni ya mtu aliyekaa muda mrefu kwenye chumba kisicho na dirisha. Wenzake walileta maprofesa. Yeye aliandika jina la mjomba wake, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Taa?" Mjomba aliuliza.

"Inazimwa na mwenye chumba."

"Vizuri. Kitanda kisitazame mlango, utaishia kuusubiri. Na ukuta huu mwachie mtoto auchorechore. Mtu asipoweka alama, siku zinamchanganyikia." Akafumbua macho. "Na mlango?"

Hapo msanifu alisita. "Unafungwa kutoka chumba cha usimamizi. Hewa ikivuja, mtu mmoja anafunga yote kwa mpigo."

"Na kufungua?"

"Huyohuyo."

Utani wote ulimtoka Mjomba usoni. "Mwaka wa kwanza utamshukuru. Mwaka wa pili utamwomba. Halafu siku moja mtoto ataugua, utagonga mpaka mkono uvimbe, na yeye atakuwa anakunywa chai."

Mtu wa zamu, aliyeketi kando ya mlango wa ukumbi, aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Kamati imekataa kitasa cha ndani mara mbili, Mjomba. Wanasema mtu akichanganyikiwa atafungua ajiue."

"Anayetaka kufa hakosi njia. Wewe wajengee wanaotaka kuishi. Tena usiwaombe. Chora."

Wakigundua, wangeweza kumfuta kazi usiku huohuo. Lakini akilini alimwona binti yake akigonga kwa ngumi zile ndogo, akainamia ramani, akachora kitasa kwa wino, upande wa ndani. Akachora kingine, na kingine, mpaka milango yote mia mbili ikaisha.

"Njoo uone."

Mjomba alifika kwenye mstari, akasimama hapo hapo, shingo mbele.

"Ni chaki tu, Mjomba!"

"Mazoea yana taabu," alisema, akicheka kwa aibu. Ikabidi ampelekee karatasi mkononi.

Aliiangalia kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya kila kitasa. Kisha akamkumbatia mpwa wake, akijua, kama mpwa naye alivyojua, kwamba ni mara ya mwisho.

"Mbusu mtoto," alimnong'oneza.

"Muda," alisema yule wa zamu, akiinuka.

Mjomba aligeuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele bila kuambiwa. Askari huyo akamfunga pingu, akamrudisha kwenye chumba chake cha hatua tatu, na mlango ukafungwa kwa nje.